Zile pete tatu za Krupp si midomo ya mizinga

Kila nikimwonyesha mtu nembo ya Krupp, kampuni ya Ujerumani ya chuma na mizinga, zile pete tatu zilizopandana, utasikia "si midomo ya mizinga hiyo?" Hapana bwana. Ni matairi ya treni, na mimi mtu wa vyuma nakwambia hayo matairi ndo yaliyoitajirisha ile familia kabla mizinga haijawa biashara ya maana.

Kiwanda kilianza Essen, Ujerumani, 1811. Friedrich Krupp alikuwa anahangaika kutengeneza chuma cha pua kama cha Waingereza, hela zikamwishia, akafa 1826 akaacha madeni na kijana wa miaka 14, Alfred. Dogo akashika kazi pamoja na mama yake na miaka mingi walisukuma maisha na vitu vidogovidogo tu, roli (mitungi ya chuma inayozunguka) za kubania madini ya sarafu, mashine za vijiko na uma.

Sasa hilo tairi. Gurudumu la treni linavikwa pete ya chuma kwa nje, ndo inayokanyaga reli. Zamani walikuwa wanakunja pao la chuma liwe duara halafu wanaunga ncha mbili kwa moto, na pale kwenye kiungo ndo panapasuka, tena treni ikiwa kwenye mwendo (muulize mchomeleaji yeyote, kitu kinapenda kukatikia palepale ulipounga). Mwanzoni mwa miaka ya 1850 Alfred akaja na akili nyingine: bonge la chuma cha pua analipasua katikati, anaupanua ule mpasuo mpaka unakuwa tundu, kisha analipitisha kwenye roli likiwa la moto mpaka linatoka pete nzima. Kiungo hakuna, sasa lipasukie wapi? Kampuni za reli, hadi za Marekani, zikanunua kwelikweli, na 1875 pete tatu zikawa nembo.

Mizinga ndo imebaki vichwani mwa watu na siwalaumu. Vita ya Pili ya Dunia Krupp walitumikisha watu kwa nguvu, wakiwemo wafungwa wa kambi za mateso, mmiliki wa wakati huo Alfried (si yule Alfred wa mwanzo) akahukumiwa miaka 12 kwenye kesi za makosa ya vita huko Nuremberg 1948, halafu 1951 huyo nje, na mali karudishiwa! Hiyo mpaka leo hainiingii.

Ila kilichomaliza enzi ya familia si vita, ni mtoto. Arndt, mwana pekee wa Alfried, aliukataa urithi 1966, baba akafa 1967, mali yote ikaenda kwenye taasisi ya hisani. 1999 Krupp wakaungana na Thyssen, kampuni nyingine ya chuma ya Ujerumani, na ukiangalia nembo yao ya sasa matairi bado yamo.