Rafu Zilizojaa Si Pesa: Dhana Potofu Kuhusu Kuanguka kwa Nakumatt na Wenzake

Wateja wangu wengi ni watengenezaji wadogo wa vyakula: mtindi, achari, asali, unga wa uji. Kila mmoja anapopata agizo la kwanza kutoka supamaketi yenye matawi mengi, huja kunitaka ushauri wa bei na kodi, nami nikiuliza kuhusu malipo, hunijibu kwa kauli iliyokwisha kunichosha masikio: "Hawa hawawezi kukosa pesa, rafu zao zimejaa na wanafungua tawi jipya." Kauli hiyo iliwaponza waliowauzia bidhaa Uchumi kabla ya 2006, ikawaponza wa Nakumatt, kisha wa Tuskys, zote zikiwa supamaketi kubwa za Kenya zilizoanguka.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya bidhaa zilizo rafuni ni mali kauli. Maziwa yaliyopokelewa Jumatatu huuzwa kwa pesa taslimu kabla ya Ijumaa, ilhali ankara yake hulipwa baada ya siku 30, 60 au hata 90. Katika muda huo pesa ya msambazaji imo mikononi mwa mwenye duka, bila riba wala dhamana, na akiwa na haraka ya kukua ataitumia kulipia kodi ya jengo na majokofu ya tawi linalofuata. Kwa hiyo tawi jipya, ambalo wateja wangu huliona kuwa dalili ya utajiri, huenda limejengwa kwa ankara zao wenyewe.

Nakumatt, biashara ya familia ya Shah iliyochipuka kutoka kuuza magodoro mjini Nakuru, ilistahili sifa nyingi ilizopewa: iliizoesha Nairobi duka lililo wazi saa 24 na kadi ya kukusanya pointi, ikafikisha matawi zaidi ya 60 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na mwaka 2014 ikanunua maduka ya Shoprite nchini Tanzania. Lakini ukuaji huo uliegemea mikopo ya benki, hati za madeni ya muda mfupi na subira ya wasambazaji. Mauzo yakilegea kidogo tu katika mpangilio kama huo, malipo huchelewa; malipo yakichelewa, msambazaji husimamisha gari lake; rafu zikipungua bidhaa, mnunuzi huenda kwingine, na mauzo hushuka zaidi. Anayejua kutazama huiona hali hiyo mapema: sabuni ya aina moja imepangwa kutoka ncha hadi ncha ya rafu, pakiti zimevutwa mbele, na nyuma yake hakuna kitu. Mwaka 2017 hata mnunuzi wa kawaida aliliona hilo katika maduka ya Nakumatt. Januari 2018 Mahakama Kuu ikaiweka chini ya msimamizi, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe, matawi yake sita ya mwisho yakiangukia mikononi mwa Naivas. Katika foleni ya kugawana masalio, benki zenye dhamana, gharama za usimamizi, mishahara na kodi za serikali hutangulia. Mwenye achari husimama mkiani.

Wengine hunihakikishia kwamba Nakumatt iliuawa na Carrefour, supamaketi yenye chapa ya Kifaransa. Carrefour ilifungua duka lake la kwanza nchini Kenya mwaka 2016, ilhali Uchumi ilikuwa imefunga milango miaka kumi kabla, bila mgeni yeyote wa kulaumiwa.

Kuna pia wanaodhani kwamba serikali haiwezi kuacha duka kubwa lianguke. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 na mashirika ya umma, kweli iliokolewa mwaka 2006 na hata ikarudi katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2011, lakini kufikia Oktoba 2015 ilikuwa ikifunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania. Nakumatt haikupata hata wokovu wa namna hiyo.

Dhana ya mwisho ni kwamba sheria sasa inatosha. Ni kweli kwamba Mamlaka ya Ushindani ya Kenya imepewa uwezo wa kuwaadhibu wanunuzi wanaowakandamiza wasambazaji, nayo imeutumia hata dhidi ya Carrefour, lakini amri ya kulipa haiumbi pesa katika akaunti tupu.

Ninachowasisitizia, na najua wengine huniona mkaidi, ni kumwekea kila supamaketi kikomo cha deni na kusimamisha mzigo siku ile ankara inapopitisha tarehe, hata kama meneja wa manunuzi ni rafiki wa familia. Kabla ya mzigo wa kwanza, mkataba uandikwe kwamba bidhaa zinabaki kuwa mali ya msambazaji hadi zilipwe, na namba za toleo ziandikwe katika kila hati ya kupokelea mzigo, kwa sababu msimamizi aliyeteuliwa na mahakama atataka kuonyeshwa ni katoni zipi hasa zinazodaiwa.