Usiandike "Uzembe" Kabla ya Kutazama Ubao wa Tageti

Aprili 28, Siku ya Usalama na Afya Kazini Duniani, haiko mbali, na kama kawaida kampuni zimeanza kutupigia simu sisi wakaguzi wa usalama kazini zikitaka mabango, fulana na mgeni wa kutoa hotuba. Tutakuja. Ila kabla ya fulana, naomba tuzungumzie nafasi moja ndogo kwenye fomu ya kuripoti ajali, ile inayouliza sababu. Fomu nyingi zinazofika mezani kwetu hapa Industrial Area, Nairobi, zimejazwa neno lilelile. "Uzembe." "Mfanyakazi hakuwa makini." Kuna siku nimesoma sita mfululizo, za viwanda sita visivyojuana, utadhani ziliandikwa na karani mmoja.

Nitatoa mfano, bila kutaja kiwanda wala barabara kilipo, kwa kuwa faili halijafungwa. Kijana alipoteza vidole viwili kwenye presi ya kukatia vifuniko vya mikebe. Presi ile ina vitufe viwili, kimoja kila upande, ili chuma kisishuke mpaka mikono yote miwili iwe nje. Meneja alinipokea mlangoni. "Madam, huyu tulimfundisha. Ni uzembe tu." Akanionyesha karatasi ya mafunzo, na sahihi ya kijana ilikuwepo kweli.

Nikaenda kwenye mashine. Kitufe cha kushoto kilikuwa kimebanwa kwa kipande cha kasha la kiberiti kilichokunjwa mara nne, ili kihesabike kimebonyezwa muda wote na mkono mmoja ubaki huru kuingiza bati. Kikaratasi chenyewe kilikuwa kimeng'aa kwa grisi, pembe zimelika. Hiyo si kazi ya asubuhi moja. Mashine ya pili, kiberiti. Ya tatu, kijiti cha mshikaki. Ukutani palikuwa na ubao wa tageti, yaani lengo la kazi: vipande 240 kwa saa, na chini yake supavaiza ameandika kwa chaki idadi ya kila saa, kila mashine.

Nilimwomba fundi mmoja mzee anifanyie kazi kwa vitufe vyote viwili, nikashika saa. Sekunde 20 kwa kipande, bila kupangusa jasho. Hesabu ni ya shule ya msingi: kwa saa moja atatoa 180. Vipande 60 vinavyobaki vinatoka kwenye kile kiberiti. Na supavaiza anayepita hapo kila saa kuandika hesabu hawezi kuniambia hakukiona. Mzee aliniambia kwa sauti ya chini, "Ukiondoa hicho, Madam, Jumamosi bonasi hupati."

Sasa mzembe hapo ni nani? Sheria haimwachi mfanyakazi. Kuchezea kifaa cha usalama ni kosa, na kijana yule alilijua hilo. Lakini tageti ile isingefikiwa na mtu yeyote anayefuata maagizo ya usalama yaliyobandikwa ukutani. Kiwanda kilikuwa na kanuni mbili, moja ya karatasi na moja ya ubao, na iliyokuwa inalipiwa mshahara ni ya ubao. Mkaguzi akisema "utamaduni wa kazi" ndicho anachomaanisha. Sera iliyowekwa fremu pale mapokezi tunaisoma, ndiyo, lakini hatuishii hapo.

Kila sekta ina ubao wake, hata kama hauonekani. Kwenye mjengo, fundi anayelipwa kwa ghorofa hang'ang'anii zile nguzo za kushikilia slebu, yaani sakafu ya zege, zikae siku zake zote, maana zinasubiriwa ghorofa ya juu na mkandarasi hana seti ya pili. Kwenye matatu, mwenye gari anataka tageti yake jioni, mvua inyeshe ama barabara ifungwe. Dereva anafidia kwa mwendo na kondakta anafidia kwa kubeba kupita kiasi. Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004 zilitaka wote wawili waajiriwe kwa kudumu. Watu wanakumbuka mikanda na vidhibiti mwendo, kifungu cha ajira kimesahaulika. Katika vituo vya kupokea simu hakuna anayekatwa kidole, ila dakika za msalani zinahesabiwa na kompyuta, na malalamiko ya mgongo na sauti kukauka tunayapata pia.

Mfano unaonikaa kichwani zaidi ni wa mbali. Aprili 23, 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka, lilipata nyufa na watu wakatolewa. Kesho yake benki na maduka ya ghorofa za chini hayakufunguliwa. Viwanda vya nguo vya ghorofa za juu viliwaita wafanyakazi wao warudi, oda za wateja zikiwa zinasubiri. Jengo likaanguka asubuhi hiyo na watu 1,134 wakafa. Nyufa ni zilezile, ngazi ni zilezile. Mwenye benki na mwenye kiwanda walitoa maagizo tofauti, basi. Nani hapo alikuwa "hakuwa makini"? Yule mshonaji aliyepanda ngazi?

Kinyume chake kipo. Kiwanda cha magari cha General Motors huko Fremont, California, kilifungwa 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro na migogoro. Kilipofunguliwa tena 1984 kwa ubia na Toyota, wafanyakazi wengi walikuwa walewale wa zamani. Kilichobadilika ni uendeshaji: mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro alivuta kamba iliyo juu yake, kiongozi wa timu akaja, na ikibidi laini nzima ikasimama. Kazi ikawa bora na utoro ukapungua. Nikiwaeleza waajiri wetu habari hii, wananiambia wafanyakazi wa hapa wakipewa kamba hiyo wataivuta wakapumzike. Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuijaribu hata siku moja.

Twende kwenye taratibu, kwa sababu hapa ndipo faini zinapopatikana.

Ajali ikiua, afisa wetu wa eneo ajulishwe ndani ya saa 24, kisha taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Ikimjeruhi mtu bila kumuua, taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Siku saba zinahesabiwa kuanzia ajali, si kuanzia pale mkurugenzi aliporudi safari. Mahali penye watu 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama na afya, wawakilishi wa wafanyakazi na wa menejimenti wakiwa sawa kwa idadi, ikutane angalau mara moja kila miezi mitatu na kuweka kumbukumbu. Kamati ambayo wawakilishi wake wa wafanyakazi wameteuliwa na meneja si kamati. Ukaguzi kamili wa usalama na afya ni angalau mara moja kila miezi 12, na ripoti lazima ifike kwetu. Mwajiri anayekiuka wajibu wake wa jumla chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Kuhusu WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, nimechoka kidogo kusikia kwamba "mzembe halipwi". Kinachomwondolea mwajiri dhima ni utovu wa nidhamu wa makusudi. Na ajali ikileta kifo au ulemavu mkubwa, sheria inatazama kama mtu alikuwa akifanya kazi kwa manufaa ya biashara ya mwajiri, hata kama alikiuka maagizo. Kila kesi hupimwa kivyake na siwezi kuahidi matokeo ya yeyote. Ila mwajiri asijaze "uzembe" akidhani ameshaokoa pesa. Mfanyakazi naye amwambie mwajiri mapema, kwa mdomo au kwa maandishi, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Msije mwaka wa tatu na picha za simu. Dai likishawasilishwa kwa mwajiri au bima, linatakiwa kulipwa ndani ya siku 90.

Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu kutokea, airipoti kwa msimamizi wake. Aliyeondoka mahali hapo kwa sababu ya msingi hafukuzwi wala haadhibiwi kwa hilo, na halazimishwi kurudi mpaka hatari iondolewe. Kifungu hiki kiko kwenye sheria tangu 2007 na bado kuna mameneja wanaoniuliza nimekitoa wapi.

Pale kiwandani nilirudi baada ya wiki tano, muda wa ilani ya kurekebisha ulipokwisha. Presi zote zilikuwa zimewekewa vitufe vipya visivyofanya kazi vikibanwa. Ubao ulisomeka 170. Meneja alilalamika kuhusu mteja wake na nikamsikiliza, maana malalamiko yake yalikuwa ya haki. Nikiwa natoka, nikaona ubao wa pili, wa zamu ya usiku, umeegemezwa nyuma ya mlango wa stoo. Uliandikwa 240, chaki bado mbichi. Nikafungua tena kitabu cha ilani.