Je, Wajua Klabu za Mbwa Huamuaje Kwamba Aina Fulani ni Aina Rasmi?

Nchini Ubelgiji kuna mbwa wachungaji wa sura nne: mwenye manyoya marefu meusi, mwenye manyoya marefu ya rangi ya kahawia-nyekundu, mwenye manyoya mafupi ambaye hutumiwa sana na polisi na majeshi kwa jina la Malinois, na wa nne, adimu kuliko wenzake, mwenye manyoya magumu yaliyosokotana. Shirikisho la kimataifa la klabu za mbwa, FCI, linawahesabu wote wanne kuwa aina moja yenye matawi manne. Klabu ya Marekani, AKC, inawahesabu kuwa aina nne mbalimbali, kila moja na daftari lake la nasaba. Mbwa ni wale wale, na wataalamu wa pande zote mbili wanaifahamu vyema historia yao, lakini majibu yametofautiana, kwa sababu kutambua aina ya mbwa ni uamuzi wa watu wanaotunza madaftari, wala si ugunduzi wa kimaabara.

Madaftari hayo yalianza na maonyesho. Mwaka 1859 yalifanyika maonyesho ya mbwa mjini Newcastle upon Tyne, Uingereza, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake, nayo yalihusu mbwa wa kuwindia ndege peke yao. Maonyesho yalipoongezeka, waandaaji walihitaji kujua mbwa anayeshindanishwa ni nani, amezaliwa na nani, na kama kweli ndiye yule aliyeshinda mwaka uliopita. Ndipo ilipoundwa The Kennel Club ya Uingereza mwaka 1873, ikifuatiwa na AKC mwaka 1884. FCI, iliyoanzishwa mwaka 1911 na Ujerumani, Austria, Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi, haitoi vyeti vya nasaba yenyewe. Kazi hiyo inabaki kwa klabu za nchi wanachama, nayo inatunza orodha ya pamoja, ambayo leo ina aina zaidi ya 350.

Sharti la kwanza, na lenye mantiki kuliko yote, ni kwamba mbwa wa aina inayoombewa utambuzi wazae watoto wanaofanana nao, kizazi baada ya kizazi. Hapa ndipo machotara maarufu wanapokwama. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wally Conron, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la mbwa waongozaji wa vipofu nchini Australia, alimpandisha mbwa wa aina ya Labrador na Poodle ili apate mbwa muongozaji ambaye manyoya yake yasingemdhuru mtu mwenye mzio. Walizaliwa watoto watatu, na ni mmoja tu aliyefaa kwa haja hiyo. Machotara hao wanapozaana wenyewe kwa wenyewe tofauti huzidi, maana jeni zilizochanganywa hugawanyika upya kwa kila mtoto: huyu akatoka na manyoya ya kujisokota, yule yakawa yamenyooka, mmoja akawa mkubwa na mwenzake mdogo. Anayemnunua mtoto wa mbwa hao hawezi kuambiwa kwa uhakika atakuwaje akikua, na kumhakikishia mnunuzi jambo hilo ndiyo kazi ya msingi ya daftari la nasaba. AKC imefunga mlango huo waziwazi: haipokei katika daftari lake la aina adimu mbwa aliyetokana na kuchanganya aina mbili ambazo tayari inaziandikisha, wala aliyetofautiana na aina iliyokwisha kuandikishwa kwa ukubwa au rangi tu.

Baada ya hapo huja swali la idadi. Kwa AKC, aina mpya huanzia katika daftari hilo la aina adimu, ambalo ni la matayarisho, ambako wafugaji huandikisha mbwa wao miaka kadhaa bila aina yenyewe kuwa na hadhi kamili. Ili ipandishwe hadi utambuzi kamili, inatarajiwa kuwa na mbwa kati ya 300 na 400 ndani ya nchi, walioenea katika majimbo 20 au zaidi, pamoja na chama cha kitaifa cha wafugaji chenye katiba inayokubalika. Katikati ya safari hiyo aina hupitia daraja la mpito, ambamo mbwa wanaonekana kwenye maonyesho huku waamuzi wakijifunza kuwatathmini. Kwa njia hiyo orodha ya AKC ilifikia aina 200 mwaka 2022, ilipoingia Bracco Italiano, mbwa wa kuwindia kutoka Italia.

FCI inatazama idadi kwa jicho jingine. Inadai angalau koo nane zisizochangia wazazi, mababu wala mababu wakuu, na kila ukoo uwe na madume na majike ya kutosha. Kisha aina hupewa utambuzi wa muda, ambao huchukua miaka kumi kabla haujawa wa kudumu. Kwa maoni yangu sharti hili la koo lina uzito kuliko hesabu ya vichwa, kwa kuwa mbwa elfu moja waliotokana na dume mmoja maarufu ni wengi kwa macho lakini ni wachache kwa damu, na maradhi ya kurithi hayachelewi kujitokeza kati yao.

Kisha kuna waraka wa vigezo, yaani maelezo rasmi ya umbo, kimo, rangi, mwendo na tabia. Chini ya FCI, waraka huo huandaliwa na nchi ambako aina ilianzia, na kila mwamuzi duniani anatakiwa kuufuata. Sentensi moja ndani yake inaweza kumtoa mbwa nje ya aina yake. Vigezo vya mbwa mchungaji wa Kijerumani vinakataa rangi nyeupe, ingawa watoto weupe wamekuwa wakizaliwa katika koo hizo tangu zamani. Wafugaji waliowapenda weupe waliendelea kuwazalisha kando. Uswisi ikawatambua kama aina inayojitegemea mwaka 1991, FCI ikawapa utambuzi wa muda mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2011 ukawa wa kudumu, kwa jina la mbwa mchungaji mweupe wa Uswisi. Kasoro ya upande mmoja ikageuka kuwa sifa kuu ya upande wa pili.

Wengi hudhani kwamba kila mfugaji hutamani aina yake itambuliwe, lakini sivyo. AKC ilipompa Border Collie utambuzi kamili mwaka 1995, vyama vya wachungaji waliomtumia kazini vilipinga vikali. Hoja yao ilikuwa kwamba mbwa huyu alitengenezwa kwa kuchaguliwa kulingana na anavyowaongoza kondoo, na kwamba pindi atakapoanza kuchaguliwa kwa masikio na manyoya, uwezo huo utafifia. Walikuwa na daftari lao la muda mrefu kupitia chama cha kimataifa cha mbwa wa kondoo, kilichoundwa mwaka 1906, na hawakuona wanachokosa. Mgogoro kama huo ulizuka kwa mbwa wa aina ya Jack Russell: The Kennel Club ilimtambua mwaka 2016 tu, ingawa jina lake lilikuwa limezoeleka kwa vizazi. Kutotambuliwa, basi, hakumaanishi kwamba mbwa si wa aina yoyote.

Daftari likishafungwa, yaani likipokea tu watoto wa mbwa waliokwisha kuandikishwa humo, damu mpya haiingii, na hapo matatizo huweza kuanza. Mbwa wote wa aina ya Dalmatian walikuwa na kasoro ya jeni inayowafanya watoe asidi ya yuriki kwa wingi katika mkojo, hali inayoweza kuleta mawe kwenye kibofu. Mwaka 1973 mtaalamu wa jeni Robert Schaible alimpandisha Dalmatian na mbwa mmoja wa aina ya Pointer, kisha akawa anawarudisha watoto kwa Dalmatian kizazi hadi kizazi, mpaka wakafanana kabisa na wenzao huku wakibaki na jeni isiyo na kasoro hiyo. AKC iliandikisha wawili kati yao mwaka 1981, kisha ikasitisha uandikishaji baada ya wanachama wa chama cha aina hiyo kupinga, wakisema damu ya Pointer imeuchafua ukoo. Mjadala ulidumu miongo mitatu, na ni mwaka 2011 tu ambapo AKC ilikubali kuwaandikisha wazao hao kama Dalmatian kamili.