Weusi wa Uingereza: tunayoambiana na yaliyomo daftarini

"Mwingereza alikomesha utumwa mwaka 1807"

Sentensi hii niliikariri darasani, nikaiandika kwenye mtihani na nikapata alama zangu. Kilichopigwa marufuku mwaka ule ni biashara, yaani kununua watu Afrika na kuwavusha bahari. Aliyeamka mtumwa Jamaica au Barbados alilala mtumwa, na mtoto wake akazaliwa mtumwa. Sheria ya kuufuta utumwa wenyewe ilipita 1833 na kuanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Hata hapo waliotimiza miaka sita na zaidi, karibu makoloni yote ya Karibi, waliambiwa sasa wao ni wanagenzi: wabaki kwa bwana yuleyule na wamfanyie kazi hadi saa 45 kwa wiki bila ujira. Hali hiyo ilikwisha 1838.

Kisha kuna fidia, ambayo mwalimu wangu hakuigusa. Bunge lilitoa pauni milioni 20, karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali ya mwaka mzima, na aliyechapwa mijeledi hakupata hata peni. Zote zilikwenda kwa mabwana. Ili alipwe, bwana aliwasilisha madai ya watu wake, nao waliorodheshwa kwa mafungu: wanyapara, mafundi, wa shambani wenye nguvu, wa shambani wasio na nguvu, wa nyumbani, watoto chini ya miaka sita. Mwishoni kabisa likaja fungu la wazee, wagonjwa na "wasiofaa tena", wenye bei ndogo. Waliodai hawakuwa matajiri peke yao, maana humo mna wajane na makasisi. Lakini matajiri walivuna zaidi. John Gladstone alilipwa zaidi ya pauni 100,000 kwa watu zaidi ya 2,500 aliokuwa akiwamiliki Guyana na Jamaica. Mwanawe William alikuja kuwa waziri mkuu mara nne.

Serikali ilikopa fedha hizo, na deni lililotokana na mkopo ule lilimalizwa kulipwa mwaka 2015. Hebu ifikirie hiyo taratibu. Dereva wa basi aliyetoka Jamaica akafanya kazi London miaka 30, kila mwezi akikatwa kodi, alichangia kuwafidia watu waliommiliki babu wa babu yake.

Wa Unguja na Pemba mchezo huu wanaujua. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na kanisa likajengwa palepale. Utumwa wenyewe ulisubiri amri ya Sultan Hamoud ya Aprili 1897, chini ya ulinzi wa Mwingereza. Mtumwa aliyetaka uhuru ilibidi aende mwenyewe mahakamani kuuomba, na aonyeshe ana pa kukaa na cha kumlisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana alikuwa na haki ya fidia. Masuria hawakuguswa mpaka 1909. Mwambao wa Kenya ulingoja hadi 1907.

"Wilberforce ndiye aliyewakomboa"

William Wilberforce, mbunge aliyepinga biashara ya watumwa, alifanya kazi kubwa bungeni, simnyang'anyi hilo. Ila Krismasi ya 1831 huko Jamaica, watumwa wapatao 60,000 waligoma kukata miwa, na mgomo ukageuka moto. Kiongozi wao, Sam Sharpe, alikuwa mtumwa na mhubiri wa Kibaptisti. Alinyongwa Mei 1832. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria. Wabunge walikuwa wameona hesabu ya kuwalinda mabwana kwa bunduki inakokwenda, na mbele ya macho yao kulikuwa na Haiti, ambako watumwa walijikomboa wenyewe wakaunda taifa mwaka 1804.

"Ukikanyaga ardhi ya Uingereza tu, tayari uko huru"

Hii imetokana na kesi ya James Somerset. Alinunuliwa Virginia, akaletwa London, akatoroka 1771, akakamatwa na kufungwa minyororo ndani ya meli iliyokuwa ikielekea Jamaica, akauzwe. Tarehe 22 Juni 1772 Jaji Mansfield aliamua kwamba hawezi kutolewa nchini kwa nguvu. Aliishia hapo, na kwa makusudi hakutamka kwamba utumwa ni haramu Uingereza. Nyumbani kwa jaji huyohuyo, Kenwood, alilelewa Dido Elizabeth Belle, binti wa mpwa wake na mwanamke mtumwa. Alipoandika wasia wake, Mansfield alitia mstari wa kuthibitisha kwamba Dido ni mtu huru. Kama hukumu yake mwenyewe ingetosha, mstari huo ungekuwa wa nini?

"Weusi walianza kufika na Windrush"

Meli ya Empire Windrush ilishusha abiria kutoka Karibi katika bandari ya Tilbury tarehe 22 Juni 1948 (ndiyo, siku ileile ya hukumu ya Somerset, miaka 176 baadaye). Ni meli muhimu, lakini haikuwa mwanzo.

Katika daftari la matumizi ya Mfalme Henry wa Saba, Novemba 1507, yupo mpiga tarumbeta mweusi aliyelipwa shilingi 20 kwa mwezi, yaani peni nane kwa siku. Anaitwa John Blanke. Mwaka 1511 mfalme mpya, Henry wa Nane, alifanya mashindano ya farasi Westminster kusherehekea kuzaliwa mtoto wa kiume, na wachoraji wakayachora kwenye ngozi ndefu ya kukunjwa. Blanke yumo mara mbili, juu ya farasi katikati ya wapiga tarumbeta wazungu. Wenzake vichwa wazi, yeye amepiga kilemba. Kinachonifurahisha zaidi ni barua yake kwa mfalme. Mwenzake mmoja alikuwa amefariki, naye akaomba apewe nafasi hiyo pamoja na mshahara wa peni 16 kwa siku, kwa kuwa wa kwake haumtoshi. Akakubaliwa. Mtu anayedai nyongeza ya mshahara kwa mfalme hajioni mgeni wala kitu cha maonyesho.

Baada ya hapo hawakupotea. Ignatius Sancho, anayesimuliwa kuwa alizaliwa katika meli ya watumwa, alifungua duka la vyakula Westminster na kupiga kura za bunge 1774 na 1780. Liverpool na Cardiff zilikuwa na mitaa ya mabaharia weusi, Wasomali wakiwemo, muda mrefu kabla ya 1948. Mwaka 1919 magenge ya wazungu yaliwavamia katika miji hiyo ya bandari.

"Waliokuja na Windrush walikuwa wahamiaji waliopokelewa kwa hisani"

Walikuwa raia wa himaya, wenye haki ya kuingia sawa na mtu wa Manchester. Nchi ilikuwa imechoka na vita na ilihitaji mikono. Watoto wengi walifuata baadaye kwa pasipoti za wazazi, na ushahidi wao pekee ukawa kadi za kushukia melini. Mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Ndani iliziharibu. Sheria za uhamiaji zilipokazwa, wazee waliosoma na kulipa kodi Uingereza tangu utotoni wakatakiwa kuthibitisha kila mwaka wa maisha yao. Wapo waliofukuzwa kazi, walionyimwa matibabu, na angalau 83 waliondolewa nchini kimakosa. Kashfa ililipuka 2018. Serikali iliyotunza hesabu za fidia ya mabwana, hadi jina la mjane mwenye watumwa wawili, kadi hizi ilikosa pa kuziweka.

"Mambo ya kubaguana rangi kwenye mabasi ni ya Marekani"

Bristol, 1963. Kampuni ya mabasi ya mji ilikataa kuajiri madereva na makondakta weusi. Guy Bailey aliitwa kwenye usaili, ukafutwa ilipojulikana katoka Karibi. Wanaharakati Paul Stephenson, Roy Hackett na wenzao wakaitisha mgomo wa abiria uliokwenda miezi minne. Kampuni ilisalimu amri tarehe 28 Agosti, siku ambayo Martin Luther King alihutubia Washington. Dunia yote inaikumbuka Washington. Sheria ya kwanza ya Uingereza dhidi ya ubaguzi wa rangi ilikuja 1965.

"Mweusi wa Uingereza maana yake ni mtu wa Karibi"

Ilikuwa hivyo zamani. Sensa ya 2021 ya England na Wales ilihesabu weusi milioni 2.4, wapatao milioni 1.5 walijitaja kuwa Waafrika na kama 620,000 Wakaribi. Kuna pia waliochagua mchanganyiko. Fomu ina visanduku, ila muulize Mzanzibari ambaye babu yake ni Mshihiri na bibi yake Mnyamwezi ataweka alama wapi. Nawajua ndugu wawili, tumbo moja, walioweka tofauti.

"Sisi wa Afrika Mashariki hatumo"

David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakauviringa kwa kitambaa cha pamba na magome. Kisha wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500, kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo. Ni safari ya miezi tisa, na wengine walifia njiani. Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani, ndiye aliyesafiri na jeneza hadi London, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioliongoza ndani ya Westminster Abbey. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha.

Jiwe la kaburi liko mpaka leo katikati ya sakafu ya kanisa. Limeandikwa kwamba Livingstone aliletwa na mikono miaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Majina ya wenye mikono hiyo hayapo.