Ukungu si tinti

Juzi nimemsikia tena muuzaji akimwambia mteja, "Mama, chukua hii tinti nyeupe, hakuna atakayekuona." Mkononi ameshika karatasi ya ukungu yenye maua, ile tunayobandika kwenye dirisha la bafu. Tinti nyeupe! Nimelivumilia neno hili siku nyingi, leo basi.

Karatasi za vioo ni plastiki nyembamba inayobandikwa kwenye kioo cha dirisha ili wa nje asione ndani. Nyingine zina gundi, nyingine hushika zenyewe. Unalowesha kioo kwa maji ya sabuni, unabandika, unasukuma mapovu kwa kadi mpaka yaishe. Haina makubwa.

Ugomvi wangu uko kwenye jina. Tinti tumeipata kwa Waingereza, na mzizi wake ni wa Kilatini, tingere, yaani kuchovya kitu katika rangi kama wafanyavyo wapaka vitambaa rangi. Ndugu yake ni tinkcha, ile tinkcha ya ayodini ya kahawia inayoacha doa kwenye kidole. Tinti basi ni rangi, na kazi yake ni kupunguza nuru. Ndiyo maana ile ya asilimia 5 ni nyeusi tii: inapitisha asilimia 5 tu ya nuru. (Wapo wanaoiomba wakidhani ndiyo hafifu kuliko zote.) Neno tulilizoea kwenye magari, tukaingia nalo mpaka bafuni.

Ukungu hauna haja ya rangi. Wenyewe unaivuruga nuru: inapita ikitawanyika huku na huku, chumba kinabaki cheupe, ila sura haipiti. Ukisimama mbali na kioo, wa nje haambulii kitu. Ukikigusa, vidole vyako vitano anavihesabu. Usiku taa ikiwaka ataona kivuli kinapita, si uso.

Halafu kuna ile inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, nayo eti tinti. Hiyo ina utando mwembamba wa metali unaorudisha sehemu ya nuru na kupitisha nyingine. Aliye upande wenye mwanga mwingi anajiona mwenyewe; aliye gizani anamwona mwenzake. Mchana giza liko ndani, raha mustarehe. Ikifika saa moja jioni ukawasha taa, mambo yamegeuka. Jirani yangu mmoja alibandika sebule nzima, mapazia akayagawa. Usiku huohuo tukapita barabarani tukamwona na bukta yake, sahani ya ugali mapajani, anabadilisha chaneli. Akageuka kutazama palepale tulipo, akajikuna tumbo. Alichokiona yeye ni sebule yake.

Walichokitaka wote hawa, yule mama na jirani yangu, ni stara, na stara haipimwi kwa weusi wa kioo. Neno hilo nalo ni la kuazima, limetoka Kiarabuni, na huko sitara ni pazia.

Kwa hiyo, mama yangu, ukirudi dukani usiombe tinti. Sema unataka ukungu wa bafuni, watakuelewa. Ukiipenda ile ya kung'aa kwa ajili ya sebule, chukua tu, ila mapazia usimpe mtu kwanza.