Je, wajua kwa nini kereng'ende huruka wawili wawili, mmoja kamng'ang'ania mwenzake kichwani?

Mvua za vuli zikituama bonde la Jangwani, Dar es Salaam, kereng'ende hujaa juu ya madimbwi, na wengine hufika hadi gereji za jirani. Nikiwa kwenye benchi nasubiri gari, niliwaona wawili wameungana, wanapigapiga boneti nyeusi. Nikasema, "Fundi, ona, mama anamfundisha mwanawe kuruka."

Fundi hakuinua hata kichwa. "Mtoto wa kereng'ende yuko majini, bosi. Hana mabawa."

Hapo nikajirekebisha kwa kosa jipya: basi ni mke na mume, na wanapandana. Bado. Aliye mbele ni dume, na ncha ya mkia wake ni koleo tu la kumkamata jike nyuma ya kichwa. Kiungo cha kupandia kiko kwingine kabisa, chini ya tumbo, karibu na kifua. Mbegu hutokea karibu na ncha ya mkia, kwa hiyo dume hujikunja na kuzihamishia kule mbele mwenyewe, kama mtu anayehamisha mafuta ya taa kutoka dumu kwenda kibuyu. Jike naye hupinda mkia hadi pale, na wawili hao wakafanya umbo la moyo. Picha zake hupendwa sana. Mapenzi yenyewe sijayaona.

Jike hana haraka ya kuzitumia mbegu. Huzihifadhi katika vifuko ndani ya mwili na kuzitumia anapotaga. Kwa hiyo dume anayemkuta leo huenda akakuta vifuko vina mali ya mwingine. Mwaka 1979 Mmarekani Jonathan Waage alieleza dume hufanya nini. Alichunguza kereng'ende wembamba wa Amerika Kaskazini, wale wanaofunga mabawa wakitua, akapima mbegu zilizomo ndani ya jike katika hatua mbalimbali za kupandana. Dume alikuwa anaondoa asilimia 88 hadi 100 ya mbegu za mtangulizi wake.

Aliyewahi kukalia mbuzi ataelewa haraka. Ulimi wa mbuzi una meno, na ukizungusha kifuu taratibu nyama yote inatoka, hata ile ya kwenye kona. Kiungo cha dume huyu nacho kina vinywele vigumu vilivyoelekea nyuma: kinaingia, kinanasa, kinatoka na mzigo. Sehemu kubwa ya muda wa kupandana ni kukuna. Mbegu zake mwenyewe humiminwa mwishoni kabisa, kifuu kikiwa kitupu.

Lakini asilimia hizo ni za aina moja, zisibandikwe kwa kila kereng'ende. Kuna aina ambazo dume hakuni, anasukuma. Huko mambo ni ya daladala ya saa kumi na mbili jioni: waliotangulia wanabanwa hadi kiti cha nyuma, na aliyepanda mwisho anasimama mlangoni. Kituo kikifika, nani anashuka kwanza?

Ndiyo maana dume wa aina nyingi hamwachii jike baada ya kupandana. Mimi nilidhani anamsindikiza. Kumbe kazi aliyomfanyia mwenzake, dume wa tatu anaweza kumfanyia yeye ndani ya dakika chache, kwa hiyo anashikilia kichwa cha jike mpaka yai la mwisho litoke.

Wale wa kwenye boneti walikuwa kazini hivyo hivyo. Rangi inayong'aa huakisi mwanga kwa namna ambayo macho ya kereng'ende huisoma kama uso wa maji, na jike alikuwa anataga kwa bidii juu ya bati lililokuwa juani tangu asubuhi. Dume alimlinda barabara. Fundi akaja na tambara, akapangusa.