Sambusa za Bibi na epo la meli: nini kinapanda, nini kinashuka

Bibi alifika bandarini Galveston, Texas, na kapu. Si begi, kapu hasa, la ukili, lenye kifuniko, alilotoka nalo Tanga miaka hiyo likapita Dubai hadi Houston bila kukatika mshipi. Ndani mlikuwa na sambusa za nyama kama hamsini hivi, chupa ya achari ya embe na thamosi ya chai ya maziwa. Jamaa zake nilikuwa nimewatumia orodha ya vinavyoruhusiwa wiki mbili kabla. Orodha ilisomwa na kila mtu isipokuwa yeye.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Hizi za njiani tu."

"Bibi, huko melini watu hula usiku na mchana."

"Chakula cha nani? Wamjua aliyekipika?"

Sikuwa na la kumjibu pale pale, kwa sababu swali lake ndilo hasa ambalo meli nayo ingemuuliza kuhusu sambusa zake.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi ni mtoto wa Mombasa, nimefanya kazi kwenye meli za kitalii miaka minane, mwanzo stoo ya vyakula, baadaye ulinzi wa ngazini, pale abiria anapogongesha kadi yake akiingia na kutoka. Siku hizi naishi Houston na napeleka familia za kwetu safari fupi za kutokea Galveston, nyingi zikienda Cozumel, kisiwa cha Mexico, na kurudi. Na swali la chakula na vinywaji ndilo linalonijaza simu kuliko hata bei ya tiketi.

Nitasema mapema ninachokiona kila safari. Watu hupanda na hofu, wakashuka kwa raha zao kama wanatoka dukani. Ilitakiwa iwe kinyume. Mlango wa kupandia una bwana mmoja, kampuni ya meli, na ukikosea atakachofanya kwa kawaida ni kukunyang'anya kitu chako. Mlango wa kushukia una bwana mwingine, serikali, na huyo anaandika faini.

Tuanze na vinywaji, maana huko ndiko kuna kelele. Kampuni za meli hupata sehemu kubwa ya faida yake baa, na hakuna haja ya kuzungukazunguka juu ya hilo. Ndiyo sababu pombe kali na bia hukataliwa karibu kila mahali, ila mvinyo huachiwa kidogo. Carnival wanamruhusu mtu mzima wa miaka 21 na zaidi chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kupanda, isiyofunguliwa, kwenye begi la mkononi. Disney ni wakarimu zaidi: chupa mbili za mvinyo au bia 6 kwa mtu mzima, na si siku ya kwanza tu, kila bandari mnayotua unaweza kurudi na kiasi hicho hicho. Ukiipeleka chupa yako kwenye chumba cha kulia chakula, utatozwa ada ya kufunguliwa. Soda kwa Carnival ni makopo au vipakti 12 kwa kila mtu, visizidi mililita 355 kimoja, navyo pia kwenye begi la mkononi. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo fungua tovuti ya kampuni yako wiki ya safari, usitegemee alichokwambia shemeji aliyesafiri zamani.

Maji ya chupa ndiyo yanayowashangaza wengi. Carnival waliyapiga marufuku mwaka 2015, na waliosababisha ni abiria wenyewe. Watu walikuwa wakimwaga maji, wanajaza vodka, wanagundisha kifuniko kwa gundi ili ionekane chupa haijaguswa. Pale ngazini nimeona mengi ya aina hiyo. Nimeona dawa ya kusukutua mdomo iliyokuwa vodka na matone ya rangi ya keki. Nimeona vifuko bapa vya plastiki vimekunjwa ndani ya taulo, na chupa ya shampuu ambayo ukiitikisa haitoi povu hata kidogo. Mashine ya eksirei haijui kama kilichomo ni pombe, ila inaonyesha kimiminika kilipo na umbo la chombo chake, na aliyekaa mbele ya kioo hicho tangu alfajiri anajua taulo haliwezi kuwa na tumbo la maji. Vya kwenye mizigo mikubwa ndivyo vinavyotia aibu zaidi: begi haliletwi chumbani, unaitwa ushuke ulifungue mwenyewe mbele ya mlinzi, huku familia inakusubiri mezani.

Chakula cha kupikwa nyumbani ni jambo jingine kabisa, na hapa faida ya baa haimo. Meli zinazoingia Marekani hukaguliwa na mpango wa usafi wa meli wa CDC, taasisi ya Marekani ya kuzuia magonjwa, ulioanza mwaka 1975. Alama ni 100, ukipata 85 kushuka chini umefeli, na matokeo hutangazwa hadharani. Nilipokuwa stoo, siku ya wakaguzi hakuna aliyepumua vizuri. Chakula cha moto kinatakiwa kisishuke chini ya nyuzi 57 za Selsiasi, cha baridi kisipande juu ya 5, na mkaguzi anakuja na kipimajoto chake anakichoma katikati ya kuku. Sababu si ukali wa bure. Watu elfu kadhaa wanashika kijiko kimoja cha bafe na kitasa kimoja cha lifti, na virusi vya noro, vile vya kutapisha na kuharisha, vinahitaji mtu mmoja tu wa kuanzia.

Sasa weka sambusa hapo. Zimekaangwa saa kumi usiku, zimefungwa za moto kwenye gazeti, zimekaa kapuni ndani ya gari mpaka saa tano za jua la Texas. Nyama yake imetoka bucha gani, imekaa nyuzi ngapi kwa saa ngapi, meli haina pa kuuliza. Na kale kafriji ka chumbani mnakokategemea mara nyingi ni ka kupozea soda tu. Ndiyo maana vinavyopita ni vya dukani vilivyofungwa na havijafunguliwa: biskuti, korosho, chipsi, chokoleti. Chakula cha mtoto mchanga na cha mwenye masharti ya daktari hupita pia, ila toa taarifa kwa kampuni kabla. Na kwa wapenzi wa chai ya maziwa, acheni birika la umeme na kijiko cha kuchemshia maji nyumbani. Chochote chenye koili ya moto kinachukuliwa kwa kuogopa moto, nao moto baharini hauna pa kukimbilia.

Bibi hakubishana. Aliketi kwenye benchi nje ya jengo la abiria, akafunua kapu, akaanza kugawa. Wajukuu, mimi, dereva wetu, na mchukuzi mmoja wa Kimarekani aliyekula nne akauliza kama kuna zaidi. Achari ikarudi Houston na dereva.

Cozumel ndipo kosa la pili hufanyika, na hufanyika kimyakimya. Watu wanakula kifungua kinywa bafe, wanatia ndizi mbili na mkate wa nyama kwenye pochi "kwa ajili ya watoto", wanashuka. Mexico hairuhusu. Bango liko pale pale ngazini, limeandikwa kwa herufi kubwa, na sijaona anayelisoma. Pakiti ya biskuti iliyofungwa haina neno; tunda na nyama viache melini.

Kisa cha ukali huo kina mizizi kwetu. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1921, na daktari wa mifugo aitwaye Montgomery. Binadamu haimdhuru, lakini kwa nguruwe humaliza zizi zima, na virusi vyake hudumu miezi ndani ya nyama iliyotiwa chumvi na kukaushwa. Mwaka 1957 ilizuka karibu na Lisbon, Ureno, na wataalamu wanaamini ilifika kwa mabaki ya chakula cha abiria wa ndege waliyolishwa nguruwe jirani na uwanja wa ndege. Mwaka 2007 ikazuka Georgia, ile ya Bahari Nyeusi, kwenye bandari ya Poti. Safari hii kinachodhaniwa ni mabaki ya chakula cha meli. Kutoka hapo ikasambaa Urusi, Ulaya ya Mashariki, na mwaka 2018 ikafika China. Mwaka 2021 ikatua Jamhuri ya Dominika na Haiti, nchi mbili za kisiwa kimoja ambacho meli za kitalii hupita karibu kila siku. Tangu hapo, abiria anayetoka huko na soseji mkobani hatazamwi kwa jicho la huruma.

Meli yenyewe haina uhuru na mabaki yake. Katika Karibiani na Ghuba ya Mexico, chini ya MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, mabaki ya chakula husagwa hadi yapite kwenye tundu lisilozidi milimita 25, na hayamwagwi mpaka meli iwe zaidi ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu. Yakishushwa bandarini Marekani yanashughulikiwa kama takataka za kigeni, kwa usimamizi. Ikiwa meli nzima hairuhusiwi kushusha ganda la ndizi hivi hivi, ndizi yako pochini itapitaje?

Upande wa vinywaji, Cozumel ni soko. Ukinunua tekila mjini, ukirudi ngazini inachukuliwa, inafungwa kikaratasi chenye namba ya chumba, unapewa stakabadhi, na utaiona tena mwisho wa safari. Ipige picha kabla ya kuiachia. Kwenye meli moja niliyofanyia kazi vikaratasi vililowa, vikabanduka, na nikakesha kuwatafutia chupa thelathini na kitu wenyewe kwa kumbukumbu za rangi ya mfuko. Bwana mmoja aliapa yake ilikuwa kubwa zaidi.

Kurudi Galveston, sheria za nchi ni hizi: bidhaa za hadi dola 800 bila ushuru kwa mtu, na ndani yake lita moja ya kileo kwa aliyetimiza miaka 21. Halafu kuna jambo ambalo wageni wa Texas hawalijui kabisa. Ukishamalizana na forodha ya taifa, jimbo nalo lina meza yake. Tume ya vileo ya Texas inadai kodi ya jimbo kwa kila chupa, hata ile lita ambayo forodha imekusamehe. Si pesa nyingi, ila huwezi kusema "nimeshapita kule".

Vyakula vya kurudi navyo havina utata mkubwa: kahawa iliyokaangwa, vanila na peremende hupita, embe bichi au bivu, nyama ya nguruwe na mimea yenye udongo haipiti. Embe hilo lina mtu wake wa kumwogopa. Nzi wa matunda wa Asia alionekana Kenya mwaka 2003, na muulize yeyote mwenye shamba la maembe pwani amemfanyia nini. Mwaka 2015 akaonekana kusini mwa Miami, na mashamba ya eneo hilo yakawekwa karantini hadi mwaka uliofuata. Funza wake hukaa ndani ya tunda zuri lisilo na doa nje, kwa hiyo "nimelikagua" si hoja.

Kinachowasaidia watu hapo ni neno moja tu: kutaja. Ukitaja ulicho nacho, kikikatazwa kinachukuliwa na unaendelea na safari. Ukinyamaza kikaonekana, faini ya mara ya kwanza kwa vitu vya matumizi binafsi inaweza kufika dola 1,000. Mimi mwenyewe nimewahi kuingia Miami na kopo la halua kutoka Mombasa. Nilitaja, afisa akafungua, akanusa iliki, akaniuliza inaliwaje, akafunga.

Asubuhi ya kushuka, foleni yetu ilikuwa inakwenda vizuri. Mbwa wa kunusa, yule mdogo mwenye masikio marefu na kikoti, akapita kati ya mabegi. Akafika kwa Bibi, akanusa lile kapu tupu, akaketi chini. Mbwa hao hawabweki wala hawakwaruzi. Wanaketi tu wakamtazama bwana wao.

Nikadhani ni harufu ya sambusa iliyobaki kwenye ukili. Bibi akanivuta mkono.

"Baba, hebu mwambie. Nimechukua epo moja la meli, la mjukuu. Liko huku kwenye kanga."

"Bibi! Si nilisema?"

"Ulisema ndizi."

Afisa alikuwa bado hajauliza lolote, kwa hiyo nikalitaja epo kwa Kiingereza haraka kabla hajafungua mdomo. Akalipokea kwa mkono wenye glavu, akamshukuru Bibi, akalitia kwenye pipa lenye mfuniko. Hakuandika chochote. Tulipofika nje Bibi aligeuka akatazama mlango.

"Lile epo atakula nani?"

"Haliliwi, Bibi. Litachomwa."

"Wanachoma chakula!" Akatikisa kichwa, akalishika kapu lake vizuri. "Na sambusa zangu ndizo zilizokuwa na shaka."